Adui Ndani ya Katoni

Jumanne, 6 Oktoba

Asubuhi tena kwenye mikaratusi, juu ya mtaa wetu wa Kimanga. Majani machanga yameliwa pembeni mpaka yamekuwa meno ya msumeno. Fukusi. Nilikung'uta tawi moja juu ya kikwembe nilichojifunga, kikajaa wadudu.

Najua tatizo lilikotoka. Wanajeshi walikata miti yote kwa mpigo mmoja, kuni zao. Visiki vikachipua vyote pamoja, na fukusi wanapenda chipukizi laini. Karamu. Nyigu wadogo wanaotaga ndani ya mayai ya fukusi na kuyaua waliondoka na majani yaliyokatwa. Hakuna wa kuwapunguza tena. Visiki vikifa, mizizi itaoza, mlima utashuka juu ya nyumba zetu. Yangu ya kwanza. Nina hasira, kalamu inatoboa karatasi.

Alhamisi, 15 Oktoba

Nimemkuta jirani yangu Mama Furaha anapanda mlima na pampu ya dawa ya nyanya mgongoni. Nikamzibia njia, akafoka.

"Weye unangoja nini? Mulima itushukie?"

"Dawa itaua na nyigu, mama. Kesho naenda kuzileta toka Kamanyola."

"Minye nasema nyumba, weye unasema nyigu!"

Akarudi bila kuniaga. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ana haki ya kuogopa.

Ijumaa, 16 Oktoba

Washenzi. Washenzi kabisa.

Fidèle, mwenzangu wa Kamanyola anayefuga nyigu ndani ya chandarua, alinipa katoni nzima. Majani yenye mayai, nyigu wameanza kutoka. Na kwa kupenda Kifaransa akaandika juu, herufi kubwa: ENNEMIS NATURELS. Ndivyo sisi tunaotunza misitu tunavyowaita, maadui wa asili.

Kizuizi cha Sange. Mwanajeshi mmoja mrefu akasoma kwa kidole.

"Ennemi? Weye mama, unabeba adui?"

"Iko tududu tu, chef. Adui ya fukusi."

"Fukusi? Iko groupe gani hiyo ya waasi?"

Abiria mmoja akacheka. Kicheko hicho ndicho kilichoniponza. Mrefu akachana katoni kwa bayoneti, akaipigiza kwenye shina la mkaratusi unaowapa kivuli. Majani yakatawanyika. Nyigu wakapotea hewani kama vumbi. Dereva akapiga honi, nikapanda mikono mitupu.

Yule mrefu naye ni fukusi, ila ana buti.

Jumapili, 22 Novemba

Mvua. Ukingo wa juu umemeguka. Jiko la Mama Furaha limejaa tope. Alinipita na ndoo ya tope kana kwamba mimi ni kisiki. Afadhali angenitukana.

Kamanyola wanapigana. Fidèle amekimbilia ng'ambo ya mto, chandarua chake kimechomwa pamoja na nyumba. Basi, hakuna nyigu tena. Nawachukia wenye bunduki, wa kila upande. Nawachukia fukusi. Leo namchukia hata Fidèle na Kifaransa chake, halafu naona aibu, maana sijui kama yuko hai.

Jumamosi, 30 Januari

Nilikwenda Sange kununua mchele. Mikaratusi ya kizuizini imerudi kijani, ncha zote nzima. Nikageuza jani. Mayai ya fukusi yana vitundu vidogo. Nyigu wangu.

Yule mrefu bado yupo. Nikamwomba matawi. Hakunitambua, au alijifanya.

"Ya kufanya nini?"

"Dawa ya mulima."

Akapanda mwenyewe na panga. Akakata, akanijazia gunia, akalifunga kamba. Nilimshukuru kwa mdomo tu. Moyo bado.

Juu ya gunia sikuandika neno.

Jioni nikaanza kufunga matawi kwenye visiki. Mama Furaha akapanda, akasimama akiniangalia.

"Iko wapi hiyo nyigu yako?"

Nikamwonyesha mmoja juu ya jani. Akainama mpaka pua ikaligusa. Kisha akachukua kamba akaanza kufunga upande wake.

Alikuwa amekuja bila pampu.