Mgeni Aliyekaa Kabatini

Jumapili. Upepo tangu alfajiri, vumbi hadi kwenye sukari.

Natangaza rasmi: mpapai wa nyuma ya nyumba yetu, hapa Area D, leo umemwagiliwa ndoo nzima. Majirani wanaojua ninavyobania maji tafadhali wasizimie.

Maji hayo yana habari yake.

Sisi Wahindu kila mwaka humkaribisha Ganesha, mungu mwenye kichwa cha tembo. Tunamfinyanga kwa udongo mbichi, tunakaa naye siku chache, kisha tunamrudisha majini ayeyuke. Msimu huu mito ya Dodoma ni mchanga mtupu, kwa hiyo wa kwetu huzama ndooni. Mfinyanzi alikuwa mke wangu, Jyoti. Binti yetu Mira, alipokuwa mdogo, aliililia sana ndoo ile, na Jyoti akawa anamwambia, "Usilie, mama. Hajafa, amehama."

Mimi pembeni natikisa kichwa kukubali, kama mjusi ukutani. Dukani kwangu niliwahubiria hata wateja waliofuata misumari tu: umbo hupita, usiling'ang'anie.

Mhubiri hodari, mradi kinachopita ni cha mwenzangu.

Mwaka jana Jyoti alimfinyanga akiwa mgonjwa. Siku ya kumzamisha alikuwa amelazwa hospitalini. Akaniuliza, "Umeshamrudisha?"

Nikasema, "Tayari."

Nilidanganya. Mgongoni mwa Ganesha palikuwa na alama ya dole gumba la Jyoti, mistari yote inaonekana. Nilimficha kabatini, nyuma ya masweta. Wiki hiyohiyo Jyoti alifariki.

Leo Mira alikuwa anatafuta sweta.

"Baba! Mgeni anakaa mwaka mzima, hata chai hujampa?"

Alicheka. Kisha akamgeuza, akaona ile alama. Akaenda kuchota maji.

Basi kilichotokea hasa ni hiki. Nilimtia ndooni mwenyewe. Viputo vikapanda. Sikio moja lilipoanza kulegea nikashindwa, nikazamisha mikono nikamnyakua. Kumgeuza, mistari haipo. Wala si maji yaliyoifuta. Pale palepale palikuwa na shimo la dole langu.

"Mrudishe, Baba," Mira alisema taratibu.

Nikamrudisha. Tukakaa hadi maji yakawa rangi ya chai, nikayapeleka kwa mpapai, nikasuuza ndoo. Kusema "amehama" bado sikuweza.

Jyoti, ile "tayari" niliyokwambia wodini ilikuwa ya uongo. Ya kweli ni ya leo.