Moyo Uliopanda Fizi

Baba,

Dagaa wameanikwa mchangani hapa Baraka, na harufu yao imeingia hadi chumbani ninapokuandikia. Wewe ungepiga chafya, ungesema hewa ya Fizi haina samaki, ungejitwika mfuko wa posta na kuondoka. Utoto wangu wote ulipeleka barua ukikimbia, kutoka ziwani hadi Fizi, kule juu milimani, na kesho yake ukateremka. Sasa kamio, yaani lori, ndiyo inayozipeleka. Inapopiga honi, Mama anageuza uso.

Wanasema mbio zilikuua. Baba mkubwa alisema kwenye matanga, mbele ya watu wote: "Moyo ya muntu iko kama kamba ya mutumbwi. Ukivuta kila siku, siku moja itakatika." Mama amelishika neno hilo, na sasa limenigeukia mimi. Daktari wa hapa anatafuta mkunga kama mimi wa kuhudumia vijiji vya milimani nyuma ya Mboko, ambako gari halifiki. Ni kupanda na kuteremka karibu kila siku. Mama anataka nibaki hapa, kwenye dispansere, zahanati yetu, nikae. Anasema nina miguu yako, basi nina moyo wako pia.

Huo moyo niliusikia, Baba. Unakumbuka likizo ile, masista wa shule ya wakunga walipokuwa wametufundisha kupima mapigo? Ulikuwa umekula, umepumzika. Nikakushika mkono, macho kwenye saa. Pigo, kisha kimya. Nikangoja. Pigo tena. Nikaogopa, nikaanza upya, nawe ukacheka, ukiniita Mama kama kawaida yako: "Mama, hiyo saa yako iko mugonjwa. Mi niko muzima."

Nilikupeleka kwa daktari kwa nguvu. Alikusikiliza kifua muda mrefu, akasema moyo wako ni mkubwa na wa polepole kama wa watu wa mbio, unasukuma damu nyingi kwa pigo moja, wala si ugonjwa. Ukarudi ukijivuna kwa majirani. Mama mmoja jirani akakutazama juu hadi chini: "Mukubwa namna gani, na kifua ni kadogo hivi?" Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Kisha ikaja kamio, ukapewa kiti. Kwetu mtu aliyewatumikia watu sana hainuki tena, ndiyo heshima. Niliporudi kutoka shuleni nilikukuta barazani, huyu anakuletea maji, yule moto wa kiko. Ukitaka kwenda tu kuona ziwa, wanakuzuia na kukukalisha: "Ikala, Baba, umechoka kwa ajili yetu." Hukuwa umechoka. Ukanenepa. Kiko hakikuzimika. Siku moja tu uliniambia, kwa sauti ya chini, "Mama, miguu inaniuliza maulizo." Baada ya miezi michache, moyo ukasimama.

Nilimwuliza daktari kama ni mbio. Hakunidanganya. Alisema mbio za miaka mingi huujenga moyo, na huenda husaidia mishipa ya damu ibaki laini. Lakini mishipa huweza kukakamaa hata kwa mkimbiaji, kwa tumbako, kwa umri, kwa mambo ambayo hata wao hawajayajua. Tena nguvu hiyo haiwekwi ghalani, ukikaa, inaondoka. "Mimi sikuingia ndani ya mishipa ya baba yako," alisema. Nilimheshimu kwa neno hilo.

Kwa hiyo sikumwambia Mama kwamba mbio zilikuokoa, wala kwamba kiti kilikuua. Sijui. Ninachojua ni asubuhi ile uliponiruhusu nikusindikize mpaka kilima cha kwanza, umande miguuni, wanawake wakikutania kutoka mashamba ya muhogo. Nilikuwa nahema. Uliniambia, "Usikimbize mulima. Mulima haiende fasi yoyote." Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Jana nilimwambia Mama nitakwenda. Aliendelea kugeuza dagaa mchangani. Mwishowe akasema, "Na nani atakupikia huko?" Nikajua amenikubalia, ingawa alilia.

Kule milimani wanawake huteremshwa kwa machela uchungu ukiwa umeshaanza, na wengine hawafiki. Nakuahidi, Baba: nitakuwa nimefika kwao kabla wanaume hawajakata miti ya machela.

Pumzika, Baba yangu mpendwa.

Binti yako,
Veronika