Nafasi ya Kushoto Kwako, Bercu

Mwaka umetimia, Bercu Zisman, tangu uliposhika kifua kwenye ngazi za soko la Hadar, ukaweka kikapu cha nyanya chini taratibu, ukakaa, usiinuke tena. Haikumwagika nyanya hata moja.

Mwanao Rafael ameshanionya: "Mama, andika mambo ya kawaida. Hili ni tangazo la gazeti, siyo barua ya kumfokea baba." Basi naanza na ya kawaida.

Ulikuwa fundi wa friji miaka thelathini na minane. Ukifungua friji ya mtu ulinusa kwanza, kisha ukamwambia jana alipika nini. Hata ukiwa na homa ulipanda vilima vya Haifa na sanduku lako la spana, mradi umesikia kuna nyumba yenye dawa ya mtoto inayotaka baridi. Kwenye basi ulipanda wa mwisho siku zote, ukipisha hata wanafunzi. Mimi nilitangulia kukushikia kiti, nimenuna.

Sasa ya kwangu. Niliona wivu, Bercu, na wivu wenyewe ulikuwa wa meli. Vita vilipopamba moto na Wayahudi wa kwenu Romania wakawa wanawindwa, mlipata Viorica, meli ya mbao iliyozoea kubeba kondoo. Kibali kimoja kilitosha mume na mke, kwa hiyo kila kijana asiyeoa alipewa msichana wa kuandikwa naye kama mkewe. Wewe ukaandikwa na Sabina Ghelber, mchumba wa rafiki yako Zelig. Zelig aliahidiwa meli ya pili. Mlikaa baharini siku tisa, injini ikafa mara mbili. Mlipofika hapa Haifa mkaachana mbele ya rabi, na baada ya miaka mitatu ukanioa mimi, Reina, binti wa kuli wa bandarini.

Kila mwaka, siku mliyofika, watu wa meli mlikutana kwa Sabina. Sisi wengine hatukualikwa. Ulirudi umeshiba mamaliga, ule ugali wenu wa mahindi, macho mekundu. Nikikuuliza, "Mmezungumza nini?" unanijibu, "Ya zamani tu, Reina." Ya zamani tu! Nimekupikia miaka arobaini na tisa na hayo ya zamani sikuambiwa.

Siku ya kukuzika ndipo nikajua lingine. Watu wa meli mlikuwa mmenunua safu moja ya makaburi na kugawana kwa kufuata orodha ya abiria. Ulitia sahihi ukanyamaza. Kulia kwako ni ukuta. Kushoto kulikuwa na kibao kidogo kimeandikwa Sabina. Udongo wako bado mbichi, nami nasoma jina la mwanamke mwingine. Nilitamani kukufufua nikuulize, kisha nikuzike tena.

Nilikwenda kwenye kamati yenu. Katibu akasema, "Mama Reina, utusamehe, safu hii ni ya watu wa meli."

"Na mimi ni mtu wa nini? Wa baiskeli?"

Hakucheka. Miezi kumi na moja sikumsalimu Sabina, hata tulipokutana kwa muuza samaki. Mwezi uliopita akaja mwenyewe, kapanda ghorofa nne na fimbo yake. Nilimpa kiti. Kahawa sikumpa.

"Unanichukia, mdogo wangu?"

"Mimi si mdogo wako. Nataka mahali pangu."

"Bercu hakuwahi kunigusa, Reina. Naapa."

"Afadhali angekugusa, ningejua la kukasirikia! Kwangu alikuja kula. Kulia alikuja kwako."

Aliifuta fimbo kwa kiganja kana kwamba ina vumbi. Kisha akasema, "Meli ya Zelig ilizama, unajua. Yuko chini ya maji, mimi sina wa kulala kando yake. Nilitaka tu kuwa karibu na mtu aliyemjua."

Niliona aibu, Bercu, na wivu haukuondoka. Nikainuka nikatengeneza kahawa.

Alipomaliza kikombe akasema, "Chukua nafasi yangu. Mimi nitachukua inayofuata, iko wazi, wenyewe walihamia Kanada. Hao wazee wa kamati niachie mimi, nitawapigia kelele mpaka wachoke."

Walichoka juzi. Kibao kimebadilishwa, nimekwenda kukiona kwa macho yangu. Hata nafasi ya kulala na mume wangu nimepewa kwa mkono wa Sabina, na hilo bado linanichoma.

Wanaokukumbuka ni watoto wako Rafael na Alegra, mkweo Tamar, wajukuu wako Yoav, Noga na huyu mdogo aliyepewa jina lako, na mimi mkeo. Na Sabina naye yumo; Rafael aliuliza aandikwe kama nani. Nimemwambia aandike Sabina Ghelber, basi, karibu na jina langu.

Hutatoka mioyoni mwetu kamwe, Bercu. Ujue tu kwamba nitalala katikati yenu. Mkianza hayo ya zamani, yatapita kwangu kwanza.