Kaburi la Mgomba

Marani, Kisii
9 Septemba 1979

Kaka yangu Onchiri,

Salamu kutoka nyumbani. Natumaini joto la huko bandarini Mombasa halijakumaliza, na kile kikohozi kimepoa. Sisi hapa tu wazima wa mwili. Chai inachumwa, na Mama bado anagombana na kuku wa jirani. Ila nyumba imekuwa kubwa mno kwa watu wawili.

Nakuandikia habari za mdogo wetu Ongeri. Unajua tulivyohangaika tangu wanajeshi wamchukue kule kiwandani Uganda, miaka miwili iliyopita. Sasa serikali ile imeanguka, na watu wanabishana juu ya waliokufa. Hapa sokoni kila mwenye redio ana hesabu yake. Mmoja anasema ni malaki, mwingine anasema huo ni uzushi wa wakimbizi, na kwamba wengi waliopotea waliwatoroka wake zao tu. Hilo lilinichoma, maana Ongeri hata mke hakuwa naye.

Mwezi uliopita alikuja bwana Ratemo, aliyetumwa na kamati ya makanisa kukusanya majina ya watu wetu waliouawa kule. Alisema haandiki mtu ila aliyeonekana akifa au mwenye kaburi, kwa sababu wakiandika kwa kukisia, hesabu yote itaitwa uongo. Nilimwelewa, lakini nilimkasirikia, maana nilitaka Ongeri aandikwe. Mama naye alikataa katakata. Alisema watoto wa mtu hawahesabiwi, wazima wala wafu, na anayemtia Ongeri kwenye hesabu hiyo ndiye anayemuua. Nikamwambia anajidanganya. Tulinuniana siku nyingi, tukipishana jikoni kama wapangaji.

Baba mdogo Nyasani ndiye aliyetafuta njia. Alisema mtu aliyepotelea mbali huzikiwa shina la mgomba, ndivyo wazee walivyofanya, na hapo kaburi litakuwepo. Mchungaji alikataa kuombea mgomba, akaenda zake. Tukazika wenyewe, Mama akiwa amejifungia ndani.

Ratemo aliporudi, alisimama kando ya ule udongo akauliza ni nani aliyeuona mwili. Baba mdogo akatazama chini. Mimi niliyelitaka jambo hili kuliko wote nikajitia kuokota majani makavu. Ndipo Mama akatoka. Mama yetu huyu, Onchiri, asiyewasha moto siku ya Sabato, asiyemdanganya hata mnunuzi wa ndizi. Alisema mwanawe yumo humo, na kwamba alimwosha kwa mikono yake mwenyewe. Ratemo akaandika.

Kaka, sijamwambia mtu haya. Nilidhani nitafurahi. Kumbe miaka yote hii niliweza kusema Ongeri amekufa kwa sababu Mama alikuwa akikataa. Nilimwachia yeye kazi ya kungoja, nami nikangoja nyuma yake kimyakimya. Sasa ameacha. Juzi aligawa nguo za Ongeri, hata lile koti la kijivu. Mimi nikisikia mbwa anabweka natoka nje kuangalia, kisha narudi na kusema ni upepo, na Mama haulizi.

Nisalimie wifi Persis na watoto. Mama anakukumbuka sana. Ukipata ruhusa kazini, njoo, hata kwa siku chache. Kumngoja Ongeri peke yangu kumenishinda.

Ni mimi dada yako,
Tryphosa Nyangate