Tunu Asiwe Mashaka

Jumatatu, 1 Julai 2024

Mwezi wa pili wa eda. Sitoki, sijipambi. Sijalia pia. Wifi Zubeda kanisema mbele ya wageni: mjane gani huyu, jicho kavu! Kweli. Nilipoletewa habari kwamba mume wangu Mashaka kagongwa na lori, niliuliza saa ngapi. Basi.

Nimesoma kwenye simu habari za tulpa — mtu unayemtengeneza kwa akili. Unamkazia mawazo kila siku, unamsemesha, mpaka anaanza kujibu mwenyewe. Masharti: usimtie maneno mdomoni. Usimfanye marehemu wako. Nitajaribu. Ni kazi ya kukaa, na mie nimekaa.

Alhamisi, 4 Julai

Nimemwita Tunu. Mwanamke, mfupi, sauti nzito kidogo, kanga ya kijani. Nafumba macho namtazama. Baada ya muda kidevu kinaota ndevu — Mashaka! Nafuta. Naanza tena kutoka miguuni. Anarudi, nafuta. Nimeshinda na hilo tu.

Jumanne, 16 Julai

Nilikuwa nachagua mchele, namsimulia Tunu ninachofanya, kwa sauti ya chini. Mara: umeruka jiwe. Si mimi niliyesema! Nikatazama tena kwenye ungo. Lipo.

Nilidhani siku hii nitafurahi, au nitaogopa. Nilitoa jiwe, nikaendelea.

Jumatatu, 22 Julai

Anajibu kila siku. Kidevu safi. Wageni wakiingia anapotea, lakini nimejifunza kushika kanga yake tu, pembe moja, huku nawaitikia pole zao. Wakiondoka bado yupo.

Jumapili, 28 Julai

Nilikuwa naongea na Tunu, kumbe Zubeda yuko mlangoni. Nyumba nzima ilimsikia: Mama, njoo umsikie mkweo! Kaka hata hajaoza, mwenzio keshapata bwana wa simuni!

Kanipokonya simu, kapekua. Hakuna kitu. Kafuta huyu, mjanja!

Nikasema, wifi, naongea peke yangu. Akacheka. Peke yako, halafu unanyamaza usubiri kujibiwa?

Anataka kesho nirudishwe kwetu Tabata, eda nikamalizie huko na aibu yangu. Mama mkwe, Bi Mauwa, alisikiliza yote.

Jumatatu, 29 Julai

Bi Mauwa kaja kabla ya adhuhuri. Kamfukuza Zubeda, kafunga mlango. Shikamoo mama. Kakaa mkekani, magoti yetu yanagusana. Kauliza kama mtu anayeomba: anakujibu?

Sikuelewa.

Mashaka, kasema. Mie namsemesha kila alfajiri, kimya. Wewe anakujibu, nimekusikia. Niulizie, mwanangu — pale barabarani, aliniita?

Adhana ikaadhiniwa. Kasema anakwenda kuswali, akirudi nimpe jibu. Na huyo Zubeda niachie mimi.

Yuko uani anatia udhu. Nikisema si Mashaka, nabaki na bwana wa simuni, jioni niko Tabata. Nikisema ni yeye, hapa nitakaa. Lakini kesho atakuja na swali jingine, na keshokutwa, na Tunu ataota ndevu tena, ndiyo basi.

Nimefumba macho. Miguu, kanga, kidevu. Nimemshika vizuri, hajabadilika. Nimemwuliza: nimjibu nini mama?

Hakukawia. Kasema: wewe je, alikuita?

Swala imekwisha. Kandambili zinakuja.