Salamu kwa Merle

Lois, chama kimekutana na wagombea kule ukumbi wa zimamoto.

Yule kijana anayetaka useneta wa jimbo akajisifu amegonga kila mlango ulio kwenye orodha ya wapiga kura. "Jumanne nimeongea na mzee Merle Haugen barazani kwake!"

Jumanne! Merle tuliyemzika Januari! Jina halijafutwa, naye kalisoma tu.

Mjane wake, Verna, akasimama.

"Hajambo?"

"Mzima kabisa, mama. Anacheka tu."

Anacheka tu, Lois!

"Aliniulizia?"

"Sana, mama."

Mwenyekiti akamvuta shati: "Kaa chini, mpumbavu wewe!"

Verna akamshika kijana mkono, kwa upole. "Ukimwona tena, mwambie nakuja."

Kimbia nyumbani kwa Verna, Lois, wewe uko karibu. Ameshaondoka na gari.