Mikwaruzo ya Mama

Kisumu, Jumanne, 1934

Wale wadudu wa ziwani tena, wamekaukia kwenye boneti ya gari la tajiri wangu. Nimewafunika kwa kitambaa chenye maji mpaka wakalainika, kisha nikafuta polepole.

Mama hakujua hivyo. Alipokuja kunitembelea aliona nimechoka, akawasugua kwa majivu na mchanga, kama anavyosugua sufuria. Rangi ikakwaruzika yote. "Sasa inang'aa, baba," akaniambia. Nikamshukuru tu.

Tulimzika mwezi uliopita.

Leo tajiri amesema, "Dereva, kesho fundi anapaka boneti rangi mpya. Utafurahi."

Nitafurahi, eti. Nikajibu, "Ndiyo, Bwana."

Alipoingia ndani nikaiosha boneti tena, ingawa ilikuwa safi. Nimeiosha kwa mkono mtupu, niishike ile mikwaruzo.